Siku Wafyatua Matofali Walipokuja na Gomesi

Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikichora mabango. Ukipita mjini Arua ukaona ukutani pa saluni mwanamke aliyesukwa nywele, shingo ndefu kupita kiasi, huyo nimemchora mimi. Kwa hiyo niliposikia kwamba kikundi kimoja cha sanaa kinatafuta wachoraji watatu wa kwenda kukaa Koboko wiki sita, wapewe chumba na chakula, kazi yao iwe kuchora watu wakiwa kazini, niliandika maombi huku nikijicheka. Sikudhani mchora mabango anahesabiwa kuwa msanii. Wakanichukua.

Msimamizi wetu alikuwa dada mmoja aliyesomea sanaa Kampala, mchangamfu, mwenye miwani mikubwa na daftari lisilomtoka mkononi. Siku ya kwanza alitukalisha akatuambia, "Sitaki watu waliojipanga wakitabasamu. Nataka jasho. Nataka mikono." Mmoja wetu akachagua mafundi baiskeli, mwingine akachagua washonaji wa sokoni. Mimi nikachagua wanawake wanaofyatua matofali kule Kuluba. Nilikuwa na sababu moja tu: tofali ni rahisi kuchora.

Walikuwa sita, wakifanya kazi kando ya kijito. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo, Mkakwa, mwenye mabega mapana na sauti ya chini. Mimi Kikakwa najua salamu tu, basi tukaelewana kwa Kiswahili. Changu nilikipata kambini, kwa kuwa baba alikuwa askari, kisha shule ikakinyoosha kidogo. Chao kilikuwa cha njiani na sokoni, na kilitosha kwa kila kitu.

"Wewe iko na kazi gani?" aliniuliza.

"Nachora watu wakifanya kazi, mama."

"Hiyo ndiyo kazi?"

"Ndiyo."

Akawageukia wenzake akawatafsiria. Walicheka mpaka mmoja akalazimika kuweka chini kalibu yake, lile boksi la mbao wanalojazia udongo.

Siku ya tatu walichoka kuniona nimekaa, wakanipa kalibu. Nilijaza tope, nikasawazisha, nikageuza chini kama nilivyowaona wakifanya. Tofali lilitoka limevimba katikati. Kiongozi alilizunguka akilitazama kwa makini.

"Hii iko na mimba," akasema.

Tangu hapo kila asubuhi niliulizwa kama mtoto amezaliwa. Nilijifunza kukanyaga udongo, kubeba maji, na kupanga matofali mabichi yaanikwe bila kugusana. Mgongo uliniuma kiasi kwamba usiku niligeuka kitandani kwa vipande. Lakini mchana, wao wakipumzika, nilichora, na ninaweza kusema bila kujisifu kwamba michoro ile ilikuwa mizuri. Migongo iliyoinama, miguu iliyozama topeni hadi magotini, jasho shingoni. Msimamizi alipoiona aliandika ukurasa mzima kwenye daftari.

Mwisho wa wiki ya pili nikaona si vizuri niwe nayo peke yangu. Niliitandaza juu ya turubai wanayofunikia matofali mvua ikija, nikawaita. Walizunguka wakatazama. Hakuna aliyecheka.

Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja kutoka Sudan Kusini, mrefu na mpole, aliyevuka mpaka na watoto wake miaka michache nyuma akajiunga na kikundi. Aliuokota mchoro uliomwonyesha yeye ameinama, mgongo mbele, sura haionekani.

"Hii ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Mutu akiona hii, atasema nini?"

Nikamwambia atasema huyu ni mchapakazi.

"Hapana. Atasema, huyu mutu iko taabu." Akairudisha karatasi polepole, kama mtu anayerudisha chakula asichokipenda kwa mwenyeji aliyejitahidi.

Niliona aibu. Nilikuwa nimekaa nao siku zote zile na sikuwahi kuwauliza wangependa kuonekana vipi. Kwenye mabango yangu namuuliza mwenye duka hata rangi ya sidiria. Hapa sikuuliza chochote. Kiongozi akanionea huruma.

"Kesho usikuja," akasema. "Kesho kutwa kuja saa nne. Leta rangi yote."

Kesho kutwa saa nne nilifika nikadhani nimekosea mahali. Wamekaa kwenye mkeka chini ya kibanda, wameoga, wamejipaka mafuta, watano wamevaa gomesi, yale magauni marefu ya sherehe ya mabega yaliyochongoka na mikanda mipana kiunoni, za kijani, za zambarau, za rangi ya chungwa. Mama wa Sudan Kusini alijifunga kitambaa cha buluu begani, namna ya kwao, na shanga shingoni. Waliazima kiti cha kanisani, chenye mto.

Kiongozi alikuwa wa kwanza kukaa. Akageuka akaona tanuru nyuma yake.

"Tofali ondoa," akaamuru.

Tanuru zima haliondoki, basi tukageuza kiti ili nyuma yake kuwe na shamba la mihogo.

Nilichora siku ile na mbili zilizofuata. Mama wa Sudan Kusini alipokaa alinyooka asitikisike. Nikamwambia anaweza kupumua. Akatabasamu bila kufungua mdomo, kisha akasema tangu avuke mpaka amepigwa picha nyingi, ya kadi, ya kuandikishwa, kila moja na namba yake.

"Picha ya kukaa tu, mimi sina," akasema.

Mkono wangu ukarefusha shingo, kwa mazoea. Alipoona alifurahi sana, nikaiacha.

Wiki ya tano msimamizi akaja kukagua. Alipita mara mbili mbele ya zile picha sita, nilizozipanga kibandani.

"Kazi iko wapi?" akaniuliza.

Nilimwambia wenyewe ndio waliochagua, na sikuona haki ya kuwakatalia. Akasema wafadhili wanategemea kuona kazi, tulikubaliana hivyo. Kiongozi alikuwa anasikiliza. Akamsogelea.

"Dada, wewe siku ya harusi, napiga picha, nashika jembe?"

Msimamizi akacheka mpaka akavua miwani kuifuta. Sentensi ile akaiandika daftarini neno kwa neno. Wakakaa mkekani wawili wale wakajadiliana karibu saa nzima, mimi nikichanganya tope kwa sababu sikutaka kuwa karibu. Mwishowe ikakubaliwa kwamba zile sita za kitini zitatundikwa zote, na za topeni zitatundikwa zile za miguu tu.

"Mguu haina sura," kiongozi akanieleza. "Hiyo weka."

Maonyesho yalifanyika katika ukumbi mmoja mjini Koboko, mchana wa Jumamosi. Wanawake wale walikuja na mavazi yaleyale, kila mmoja akasimama karibu na picha yake. Mwanamume mmoja anayejenga nyumba mjini alisimama mbele ya ile ya kiongozi muda mrefu, akamtazama, akaitazama tena picha.

"Shikamoo, mama," akasema. "Si wewe uliyenifyatulia matofali?"

"Ni mimi."

Alinunua kwake mwaka mzima na hakuwahi kumsalimia kwa heshima ile. Kiongozi aliitikia tu, kama aliyezoea.

Baada ya maonyesho kila mmoja alibeba picha yake nyumbani. Za miguu zilikwenda na msimamizi Kampala. Mimi nilirudi Arua, kwa mabango, ila siku hizi nachora pia watu wanaotaka kuchorwa, na swali langu la kwanza ni wavae nini. Juzi alikuja mama anayeuza nyanya soko la Inde, akataka nimchore na saa mkononi. Hana saa. Nilimuuliza anaipenda ya namna gani, akanieleza kwa kirefu.