Filamu ya Muuza Samli

Mimi ndiye niliyeziua Alkhamisi za nyumbani kwetu Ghubra, Maskati. Hakuna aliyewahi kunishutumu. Lakini mpaka leo nikiingia katika sebule ile na kuona mito imepangwa ukutani haina wa kuiegemea, uso unaniwaka.

Miaka ya tisini Alkhamisi ilikuwa siku ya mapumziko, na baada ya sala ya alasiri wanawake sita, saba, walikuwa wakija kwetu kuangalia filamu. Wote walizaliwa Unguja kama mama, na wote walikuja Omani wakiwa watu wazima, na watoto juu. Usichanani mwao walizoea kwenda senema siku ya wanawake, siku ambayo mwanamume haruhusiwi kutia mguu na mtu anaweza kuvua buibui akacheka mpaka akalia. Maskati haikuwapa senema ya namna hiyo, basi mama akawafungulia sebule yake. Walikula kachori, walikunywa chai ya maziwa yenye hiliki, na walikuwa na kaseti moja waliyoipenda kuliko zote.

Ilikuwa filamu ya zamani ya Kihindi, nyeusi na nyeupe, ya kuchekesha na yenye nyimbo tele, na mzaha wake wote uliwaangukia wanaotengeneza filamu. Bwana mmoja mnene, muuza samli, anaanzisha kampuni ya filamu. Hajui kitu ila samli, kwa hiyo hakuna tukio linalopigwa picha bila makopo yake kuonekana. Watu wanapigana kwa panga mbele ya makopo, wapenzi wanaimbiana wamekalia makopo. Mwongozaji anapiga kelele ndani ya bomba la bati na hakuna anayemsikiliza. Mvua ni mtu aliyepanda ngazi na ndoo ya kumwagilia maua. Nyota wa kiume ana masharubu ya kubandika, mara yako juu ya mdomo, mara yamehamia shavuni. Na mwanamke nyota anatakiwa afe mwishoni, maana muuza samli ameambiwa kwamba watu wanapenda kulia. Kila akilazwa afe, anainuka na kugoma, mpaka studio nzima, pamoja na fundi cherehani, inamzunguka kwa wimbo wa kumbembeleza afe.

Kaseti ile haikuwa na maandishi ya tafsiri. Tafsiri alikuwa mama. Alikaa mkekani karibu na televisheni, na kila mtu aliyefungua mdomo kule ndani, mama alimsemea kwa Kiswahili. Hakuwa akieleza kwamba huyu anasema hivi na yule anajibu vile. Alikuwa yeye mwenyewe ndiye wao. Muuza samli alipewa sauti ya puani ya mwenye duka wa Darajani asiyepunguza bei. Mwongozaji alikuwa mwalimu mkuu mmoja wa Unguja ambaye wote walimkumbuka na bado wakimwogopa. Yule mwanamke wa kugoma alikuwa na neno jipya kila wiki.

"Mie sifi!" mama alisema kwa niaba yake, mkono kiunoni. "Tangu alfajiri mmenilaza hapa, hata mmoja hajanambia umekula au hujala. Leteni biriani kwanza. Nkishiba, ntakufa hata mara tatu."

Wanawake walilaliana kwa kucheka. Wiki iliyofuata yule mwanamke alikataa kufa mpaka aelezwe kwa nini hakualikwa harusi fulani ya Matrah, harusi ambayo hata wao hawakualikwa.

Lazima niseme mama alikuwa nani siku nyingine. Kiarabu chake kilikuwa cha sala na cha sokoni. Kwenye matanga na kwenye harusi za majirani alikaa pembeni, akitabasamu na kusema "inshallah" pasipohitaji inshallah. Mimi, bintiye, nilisoma shule hapa hapa, Kiarabu changu hakina doa, na nilipopata kazi wizarani, kule Maskati ya zamani, nilijiona nimefika. Mama akinipigia simu ofisini, yeye alisema Kiswahili na mimi nilimjibu kwa Kiarabu, kwa sauti ya kiofisi, ili wenzangu wasisikie natoka nyumba gani. Alikuwa akisema tu, "Haya mwanangu, ntakwambia ukirudi." Nimeyafanya hayo miaka. Nayaandika hapa kwa sababu yanaonyesha kwamba siku ile ya filamu haikunijia kwa bahati mbaya.

Siku yenyewe ilikuja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na mwenzangu ofisini, binti wa ukoo mkubwa wa mji wa ndani ya nchi, watu ambao hawajawahi kuhamia Afrika wala kujifunza neno moja la Kiswahili. Nilimtaka sana awe rafiki yangu. Yeye mwenyewe aliniambia angependa kuja Alkhamisi kumwamkia mama, na sikuweza kumkataza mgeni. Wiki nzima nililala vibaya. Nilikuwa nikimwona mama mkekani, mkono kiunoni, anadai biriani, na yule binti wa watu anamtazama.

Basi nikaenda Ruwi, kwenye maduka ya Wahindi, nikaipata filamu ile ile kwenye diski, imesafishwa, ina maandishi ya Kiarabu chini ya picha. Nilimwambia mama kuwa nimemletea zawadi. Alifurahi, masikini. Aliishika ile diski kwa ncha za vidole, akawaonyesha wenziwe mmoja mmoja kabla hawajakaa.

Mgeni wangu alikuja na boksi la halwa, akaamkia watu wote kwa adabu, akakaa kando yangu. Filamu ikaanza, na mama naye akaanza. Mgeni alikuwa akisoma maandishi, wenzake mama walikuwa wakimsikiliza mama. Wao walicheka mahali ambapo yeye hakucheka. Akaniuliza taratibu, "Mama anasema nini?" Nikamfasiria maneno mawili matatu. Akayatazama maandishi, akanitazama mimi, akakunja uso kidogo, kwa kushangaa tu. Na mimi hapo, kwa mara ya kwanza, nikayasoma yale maandishi vizuri. Hapakuwa na mwalimu mkuu, wala Darajani. Karibu hakuna neno hata moja la mama lililokuwemo mle.

Ningenyamaza. Hilo tu ndilo lililotakiwa kwangu, kunyamaza saa moja na nusu.

Tukafika pale pa kitanda cha kufia. Mwanamke nyota akainuka. Mama akaweka mkono kiunoni. "Mie sifi! Leteni biriani kwanza..."

"Mama," nikasema, kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili ili wote wasikie, "hakuna biriani. Anasema yeye ni msanii na heshima ya sanaa haimruhusu kufa kifo cha uwongo. Imeandikwa hapo chini. Miaka yote hii unawatungia tu." Kisha nikacheka, na kumgeukia mgeni wangu nimweleze kwa Kiarabu, apate kucheka na yeye. Yeye hakucheka. Aliinamia kikombe chake cha chai.

Mama aliushusha mkono polepole. Hakukasirika. Aliwatazama wenziwe, akavuta ushungi mbele, akasema, "Kumbe. Haya, soma wewe basi, mama, unajua kusoma."

Nikasoma, nikifasiri kwa Kiswahili. Na aibu yangu kubwa ni hii, kwamba nilisoma mpaka mwisho, kwa ufasaha, nikijisikia nafanya jambo jema. Wimbo wa kumbembeleza mwanamke afe ulipita sebule nzima kimya kama darasa la mtihani.

Alkhamisi iliyofuata walikuja watano. Mama alikaa juu ya kiti, mikono magotini, akaniambia nisome. Iliyofuata walikuja watatu. Mmoja alisema goti limemzidi, mwingine ana wajukuu wa kulea. Kufikia Ramadhani hapakuwa na mtu, na mama akazoea kulala mchana. Mtu ambaye sikupata kumwona amelala mchana hata akiwa na homa.

Mgeni wangu naye hakuja tena. Tulibaki kuamkiana kwenye ngazi za wizara.

Miaka minne ikapita hivyo. Sikukuu moja mama alinipa sahani ya visheti nimpelekee mmoja wa wale wanawake, mkubwa wao wote, tuliyemwita Bi Mkubwa. Alikuwa amehamia mtaa wa Madinat Sultan Qaboos kwa mwanawe. Nilimkuta barazani na mfanyakazi wa nyumba, mwanamke wa Kihindi, wanazungumza. Nilisimama na sahani yangu. Bi Mkubwa alikuwa akisema Kihindi, haraka, mikono inaruka, na yule mwanamke anacheka amejishika mbavu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Kumbe unajua Kihindi?"

"Marahaba. We! Mie nimezaliwa nyumba ukuta mmoja na Wahindi. Nimekijua kabla sijakijua Kiarabu." Akapokea visheti, akachungulia chini ya kitambaa. "Sote tukifahamu, kidogo kidogo. Mie nkifahamu kila neno."

"Na filamu ya muuza samli?"

Akakirudisha kitambaa juu ya sahani. "Filamu ile mbovu, mwanangu. Maneno yake hayana chumvi. Sisi tukija kumsikiliza mamako."

Nilirudi Ghubra mbio, na njiani, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Niliona nimepata dawa. Miaka minne mama alikuwa akiishi akidhani amefumaniwa mwongo mbele ya mashoga zake, na mimi sasa nampelekea habari kwamba hakukuwa na uwongo wowote, ila mchezo waliokubaliana wote. Nilimkuta jikoni anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwaga yote kabla sijavua abaya: Bi Mkubwa anajua Kihindi, wote walikuwa wakijua, hakuna aliyedanganyika hata siku moja.

Mama aliendelea kuchambua. Akatoa chuya moja, akaiweka pembeni.

"Nnajua," akasema. "Bi Mkubwa ndiye akinifasiria mimi, zamani, tulipokuwa wasichana. Hayo mengine nkitia mwenyewe, na yeye akinambia tia tena."

Sikuelewa. "Sasa kwa nini uliacha, mama? Ikiwa wote walijua, uliona haya ya nini?"

"Si haya zangu." Akautikisa ungo. "Watu wamekaa kwangu, wanakula kwangu, na mwanangu nliyemzaa ananinyooshea kidole mbele ya mgeni, na anacheka. Nkaona mashoga zangu wananionea huruma. Wakitazama chini, wasikutazame wewe. Nkasema basi, bora wasije, wasije wakakuona tena vile."

Nilimwomba radhi pale pale, nimepiga magoti kwenye vigae. Akasema radhi anazo, alinisamehe siku ile ile kabla mgeni wangu hajavaa viatu, na niinuke, sakafu ina maji.

Nikamuuliza kama niwapigie simu waje tena Alkhamisi, hata Bi Mkubwa peke yake.

"Uwapigie uwaambie nini?" akaniuliza.

Simu niliyokwisha kuitoa nikairudisha mkobani. Mama akainuka kwenda kuosha mchele.