Uamuzi Wangu Juu ya Anga

Ningeweza kukataa. Wenzangu wa kijiwe cha kahawa, hapa Kariakoo upande wa Gerezani, waliponitaka niamue suala la dishi, ningesema sijui, yakaisha. Lakini nilipenda kuitwa msomi, kwa hicho kidato changu cha nne.

Dishi lilikuwa la mkwe wangu, mume wa binti yangu, Mchaga muuza vitenge kwa jumla. Alilileta kutoka nchi jirani. Lilikuwa la kunasa intaneti ya setilaiti, ambayo hapa kwetu ilikuwa haijapewa leseni. Alitaka kulifunga juu ya paa la duka na kuwauzia majirani huduma. Akaja kijiweni kuniuliza kama aende kwanza kuomba kibali.

"Setilaiti ikipita juu ya Mnazi Mmoja, ni ya nani?" fundi cherehani akadakia.

"Ya aliyeirusha," mwingine akajibu.

"Na kunguru akikuchafulia kichwa?"

"Huyo wa manispaa!"

Wakacheka, kisha wakanigeukia. "Haya msomi, tuamulie."

Nilikuwa nimesoma gazetini kwamba ndege ya nje ikitaka kupita juu ya nchi huomba ruhusa, ila kule juu zaidi, zinakozunguka setilaiti, hakuna taifa lenye mamlaka. Hilo ni kweli. Nikaling'ang'ania hilo moja kana kwamba ndiyo sheria yote.

"Kule hakuna Tanzania wala Marekani," nikasema. "Utamwombaje kibali mtu wakati mali si yake?"

"Lakini baba, nilifikiri nikaulize tu..."

"Umeshaniuliza mimi."

Mkwe habishani na baba mkwe wake mbele za watu. Akainamisha kichwa. "Sawa, baba." Nilipoliona dishi juu ya paa nilitembea mtaani kifua mbele.

Wakaguzi wa mawasiliano walinikuta dukani kwake. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, ndipo akamuuliza mkwe wangu kuhusu kibali. Mkwe akarudia maneno yangu, neno kwa neno: angani hakuna mwenye mamlaka.

"Kupita huko juu hatumkatazi mtu," yule mama akasema taratibu. "Lakini dishi limefungwa hapa, na huduma unaiuza hapa. Hapa ni nchini. Nani alikwambia huhitaji kibali?"

Mkwe wangu hakunitazama. Alifunga daftari la mauzo polepole, na najua alikuwa ananipa nafasi. Mimi nikashika pindo la kitenge, nikajifanya naangalia rangi.

"Ni mimi mwenyewe," akasema.

Alishitakiwa, akakiri. Mwenye jengo, mzee wa Kihindi anayekaa Upanga, akamtaka ahame. Hakutaka kesi kwenye nyumba yake. Fremu ya duka Kariakoo ukiiacha, kesho ina mtu mwingine. Wakafungasha, yeye na binti yangu na watoto, wakarudi Moshi kwa wazazi wake.

Binti yangu alinipigia walipofika.

"Baba, hata pale dukani? Neno moja tu likakushinda?"

Nikaanza kumweleza habari za anga. Akakata simu.

Nimempoteza binti yangu. Yuko hai, ana afya, hapokei simu zangu, na wajukuu wangu wanakua bila kunijua.