Nyumba ya Magurudumu Mpaka Mombo

Mdogo wangu alinunua nyumba ya magurudumu, lile tela la kulala walilokuwa wakikaa mafundi wa barabara hapa Handeni. Alitaka kulipeleka Mombo, awakaangie chipsi abiria wa mabasi. Na wa kulivuta nani? Mimi na pikapu yangu, nani tena. Kwenye ukoo wetu mwenye gari ni mimi tu, na mwenye gari haumwi, halali, wala hana kazi zake.

"Dada, ni siku moja tu," akasema.

Nilikuwa nimezichoka hizo siku moja. Pikapu hiyo ndiyo inabeba machungwa, ndiyo inasomesha wanangu, ikipinduka, tumekwisha. Lakini duka lilishamshinda, bodaboda ikamshinda, na Mama alishaanza kuniangalia kwa jicho lile.

Nikakubali, ila kwa masharti yangu. Fundi alibadilisha kwanza kile kichwa cha chuma nyuma ya gari, ambacho tela hukalia, maana cha zamani kilikuwa kidogo na shimo moja tu lingelichomoa. Kisha tukalivuta polepole hadi kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi, tulinganishe uzito wake na ule ulioandikwa kwenye kibati cha gari. Likiwa tupu, gari inaliweza, tena kwa shida.

"Tupu," nikamwambia. "Umenisikia? Hata sufuria sitaki."

Asubuhi ya safari nikakuta ndugu wamejaa uani. Kwetu msafiri haondoki mikono mitupu. Shangazi kaleta gunia la makopa ya muhogo, mjomba mkaa, Mama magunia ya mahindi na kinu juu yake. Vyote vilishapakiwa ndani ya tela, vimerundikwa mwisho kabisa, upande wa nyuma.

"Shikamoo, Mama. Gari haiwezi."

"Marahaba. Haiwezi mahindi ya mama yako?"

Uani wote wakanigeukia mimi. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikawasha gari.

Kwenye mteremko kabla ya Kwedizinga tela, kwa uzito ule wa nyuma, likaanza kuyumba. Kushoto, kulia, linaitikisa pikapu yote, na usukani haunisikii tena. Jamani, niliwaona wanangu wote machoni! Nikaachia mafuta, nikaliacha lipungue mwendo lenyewe. Liliposimama, gurudumu moja la tela lilikuwa kwenye majani, nje ya lami.

Nikashuka napiga kelele. "Shusha! Shusha vyote! Mnataka kuniua kwa makopa?"

Mdogo wangu akashuka nyuma yangu. "Mama atasemaje?"

"Atasema nina roho mbaya. Nimeshazoea. Shusha!"

Tukaviacha kwenye nyumba iliyo jirani na barabara, kwa mama mmoja aliyetupa pole na maji ya kunywa. Kuanzia hapo tela likatulia. Tukapita Korogwe.

Mombo, kabla hata hatujalifungua tela, simu yangu ikaita. Mama. Nikaiacha iite. Mdogo wangu akaichukua, na nikamsikia Mama akiuliza kama mahindi yake yamefika salama. Huyu mtoto hajawahi kumbishia Mama tangu azaliwe. Akanigeukia, mimi nimelaza kichwa kwenye usukani.

"Mahindi yamebaki njiani, Mama," akasema. "Dada amefika."