Telefone yangu ilisema ngombe za Mama Furaha ziko wapi

Leo nimekosa, na ninawaambia mimi mwenyewe mbele ya kuisikia kwa wengine.

Jirani yangu Mama Furaha alificha ngombe zake kwa bonde moja nyuma ya kijiji ya Kirolirwe, sababu wenye bunduki wanatunyanganyaka mifugo.

Asubui nilipita kule. Ukungu ulijaa chini, ngombe zinatokeza migongo tu, sawa vile zinaogelea mu maziwa.

Nikapiga picha. Nikaituma kwa grupe yetu ya telefone.

Sikuandika fasi ngombe ziko, kweli ya Mungu!

Kumbe telefone iliandika yenyewe chini ya picha, kwa herufi nyeupe: jina ya kijiji, yote.

Mama Furaha akaambiwa, akakuja mbio.

"Papa Alain, ile telefone ni yako ao ni ya wezi?"



Tukahamisha ngombe pale pale, mimi mbele na fimbo, na haya yangu. Tulizipeleka wapi? Leo sisemi.

Kisha nikatoa telefone nifute ile picha mbele yake.

"Ngoja," akasema. "Nionyeshe kwanza."

Akaangalia sana. Akaita kila ngombe jina yake. Hakuwahi kuwa na picha yao hata moja.

"Ziko muzuri. Sasa futa."

Nimefuta.

Lakini ninajiuliza: telefone ilijua je, na kule hakuna hata kibao? Mwenye anajua anieleze.

Na kama uliiweka ile picha kwa telefone yako, kaka, dada, tafazali ifute. Mwenye ngombe mwenyewe amekubali kubaki bila picha.