Kumbukumbu Nilizomwahidi Mzee Rajabu

Mimi ndiye fundi kompyuta wa kiwanda cha mkonge huku Ngombezi, na bado naona aibu. Kompyuta ya mitambo ilizimika ghafla, meneja akamsimamisha kazi mwendesha mitambo, Mzee Rajabu, akidai ni kosa lake.

“Shikamoo mzee, usihofu,” nilimwambia kwa mbwembwe. “Ikizimika huacha kumbukumbu za dakika zake za mwisho. Zitakutetea.”

“Marahaba mwanangu. Nakutegemea.”

Nikafungua faili mbele ya meneja. Kumbe siku za nyuma, nilipokuwa nahangaika na spika za kompyuta hiyo, niliiagiza ihifadhi kumbukumbu za sauti peke yake, na sikurekebisha tena. Za mitambo hazikuwemo. Kilichoonekana ni muziki niliokuwa nausikiliza kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Mzee akavaa kofia yake, akanipa mkono. “Ahsante kwa kujaribu, mwanangu.”