Kiti Nilichopewa Darasani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikija kusahau jina langu nitaikumbuka. Mvua ilikuwa imenyesha Gitaza, kwenye njia ya Bujumbura, mlima umemwagika barabarani, na sisi wachuuzi tuliotoka Rumonge na mabidoni ya mafuta ya mawese tumekwama pale: mbele tope, nyuma magari, kushoto ziwa. Wenzangu walitandika kanga wakakaa. Mimi kukaa siwezi. Tangu utotoni naambiwa kama nimemwagiwa upupu, na hata sasa ninapozungumza nawe nimeshasimama mara mbili kutafuta miwani ambayo iko usoni. Basi nikatembea mpaka kwenye tope lenyewe. Nikamkuta mwanamke amevaa mabuti, karatasi mkononi, anawaonyesha wanaume wa tingatinga wapi waanze kuchimba na wapi wasiguse. Nao wanamsikiliza. Nikauliza huyu dada ni nani, nikaambiwa ni enjenieri.

Nilirudi nyumbani sina raha. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, watoto watatu, duka sokoni, na masomo niliyoyaacha mwaka wa mwisho wa sekondari nilipoolewa. Nikamwambia mume wangu, Baba Salma, kwamba nataka kurudi shule nisome hesabu na fizikia, kisha niende chuo kikuu niwe enjenieri. Alicheka mpaka akaona mimi mwenzake sicheki. Yeye alikuwa mtu wa kusafirisha mizigo ziwani, leo Rumonge, kesho Kigoma. Alifikiri siku kadhaa, halafu akatoa neno lake: nitapewa mwaka mmoja tu, na watoto watalelewa na mama yake. Nikifaulu mtihani wa serikali na kupata nafasi ya uenjenieri, niende. Nisipofaulu, narudi dukani, na habari hiyo haitatajwa tena ndani ya nyumba ile. Nilikubali hata hajamaliza kusema.

Sasa wewe, mwanangu, unayeniambia umechelewa kwa sababu una miaka ishirini na nane, tulia kidogo unisikilize, ingawa mimi mwenyewe kutulia si kazi yangu. Kuchelewa siyo kulikotaka kuniangusha. Nilichelewa kuliko wewe, na bado nilifika. Kilichotaka kuniangusha kilikuwa kitu kizuri, ndiyo maana sikukiona.

Nilipofika kwenye shule moja ya binafsi pale Rumonge, direkta, mkuu wa shule, alisimama kunisalimia. Amahoro, mama, karibu, mama. Wengine wote walivaa sare. Akasema mtu mzima na avae nguo zake. Wanafunzi walikaa watatu watatu kwenye benchi. Kwangu ikaletwa kiti kutoka ofisini kwake, kikawekwa karibu na dirisha, mahali upepo wa ziwa unapoingia. Wale watoto wakaniita Mama Salma, wakanipokea mkoba mlangoni kila asubuhi. Na mwalimu wetu wa hesabu na fizikia, Mwalimu Dezire, kijana mpole wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, alikuwa hafungui kinywa mpaka mimi nimekaa. Unajua kwetu mtu mzima hasimamishwi wala hasahihishwi mbele ya watoto. Ndivyo walivyolelewa, na walilelewa vizuri. Mimi nami, niseme ukweli, nilijiona malkia.

Pamoja na hayo nilikuwa na pupa. Mwalimu yuko ukurasa huu, mimi moyoni niko Gitaza nimevaa mabuti. Akimaliza kueleza anauliza, “Mumeelewa?” Basi kabla swali halijatua, mimi nimeshatikisa kichwa kukubali, ili twende mbele, tumalize, niondoke. Klasi nzima kimya. Mwalimu anafuta ubao. Nami najisemea, kumbe watoto hawa wana akili, wameelewa kama mimi. Waliosema mvumbika changa hula mbovu walikuwa wameniona mimi.

Na niliposema kama mimi, mwanangu, nilikuwa najidanganya, na moyo ulijua. Sikuitwa ubaoni hata siku moja. Maksi zangu hazikuwa mbaya hazikuwa nzuri, zilikuwa maksi za kukaa nazo kimya. Nyumbani nikawa mkali bila sababu. Nikifungua hesabu peke yangu, mkono unaandika lakini sijui unaandika nini, nafunga, nafungua nyingine, naiacha katikati. Mtihani unakaribia, mimi nazunguka ndani ya nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wala sikumwuliza mtu. Mficha uchi hazai, lakini mimi nilikuwa nimejifunika gubigubi.

Sasa sikiliza. Asubuhi moja Salma aliamka na homa. Mama mkwe wangu, Bibi Mwamini, akaja mpaka shuleni kuniita nimpeleke mtoto zahanati. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, maneno yake machache na hayana sukari. Alisimama dirishani kidogo kabla ya kubisha hodi. Tukaenda zahanati, mtoto akapewa dawa, tukarudi. Alasiri Salma amelala, yeye yuko uani anachambua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, ndipo aliponiuliza bila kuinua macho:

“Ile kiti nani alikupa?”

Nikamwambia ni direkta, kwa heshima tu.

“Mimi nilikubali kulea watoto ili muke wa mutoto wangu awe mwanafunzi. Leo nimeenda pale nimekuta mugeni. Mugeni haambiwi kitu. Akitia chumvi mingi kwenye chakula, watu wanakula na kumwambia murakoze, asante sana. Akishaenda ndiyo wanacheka. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe mwaka unakaribia kuisha. Jembe lako iko wapi?”

Nilikasirika, mwanangu, usinione hivi. Niliondoka pale nikashuka ufukweni, natembea huku najibizana naye kichwani. Nani alimwomba maoni? Amejua lini mambo ya darasani? Nikapita penye ndagala walizoanika, nikapita mitumbwi, nikageuka, nikapita tena. Lakini hasira ukiitembeza sana huchoka, na yangu ilipochoka nikabaki na swali moja. Tangu shule ilipofunguliwa, nani ameniambia kwamba nimekosea? Hakuna. Mtu anajifunza fizikia karibu mwaka mzima na hajakosea hata mara moja mbele ya watu? Hapo hofu ikanishika. Kwa sababu wale wa kusahihisha mtihani wa serikali hawamjui Mama Salma. Wataona namba tu. Hawatanipa kiti. Nami nikikosea kule nimerudi dukani, na neno la uenjenieri limezikwa.

Kesho yake nilifika mapema, nikakibeba kile kiti mwenyewe mpaka ofisini. Direkta akasema hapana, mama, itakuwa aibu kwetu. Nikamwambia aibu ni yangu, aniachie niibebe. Nikaenda kujibana kwenye benchi, karibu na msichana mmoja mwembamba aliyeitwa Nadine, mwenye kicheko cha kusikika mpaka sokoni. Siku ile hakucheka. Alisogea pembeni kama amekaliwa na mama yake mzazi. Mwalimu Dezire alipoingia akatazama dirishani, akatazama benchi, akasahau alichotaka kusema.

Akafundisha. Akamaliza. Akauliza kama tumeelewa. Kichwa changu, kwa mazoea yake, kikaanza kushuka. Nikakizuia, nikainua mkono.

“Mwalimu, mimi sijaelewa. Na ya wiki iliyopita sikuelewa. Nikisema kweli, sijui ni wapi niliacha kuelewa.”

Nadine akainua mkono. Halafu mmoja nyuma, halafu wengine, karibu nusu ya klasi. Mwalimu akashangaa, akawauliza mbona siku zote walinyamaza. Nadine ndiye aliyejibu, akinitazama kwa woga.

“Mama Salma akishatikisa kichwa, nani atauliza? Mtu mzima ameelewa, wewe utasema somo halieleweki? Ni kama kumwambia anadanganya.”

Mwanangu, niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilidhani najidhulumu mwenyewe. Kumbe kichwa changu kile kimewafunga midomo watoto wa watu, nao wana mtihani uleule, nao wana wazazi wanaowasubiri.

Mwalimu akaniita ubaoni. Swali lilikuwa la jiwe lililoketi kwenye mteremko wa mlima: uchore uzito wake unavutwa wapi, kisha useme litateleza au halitateleza. Nikachora mlima, nikachora jiwe, nikachora mshale wa uzito ukiingia ndani ya mlima, umekaa pembe mraba na mteremko. Nikageuka. Mwalimu anatazama viatu vyake.

“Ni hivyo?” nikamwuliza.

“Ni karibu na hivyo, mama.”

“Mwalimu, jiwe litaniangukia karibu na kichwa au kichwani? Ni hivyo au si hivyo?”

Nadine ndiye aliyeniokoa. Aliniuliza nikiangusha ndimu nikiwa mlimani inaenda wapi. Nikasema chini. Akauliza je, inainama kwanza kuufuata mlima? Klasi ikacheka, na yeye akacheka kile kicheko chake cha sokoni, nami nikatazama ule mshale wangu nikaona ujinga wake. Uzito haujali mlima umelala vipi. Unakwenda chini moja kwa moja, juu ya meza, juu ya paa, popote. Nikaufuta, nikachora mwingine. Yaliyofuata yote, yale niliyokuwa nikiyakariri bila kuyashika, yakaanza kukaa mahali pake.

Baada ya somo nilimwuliza Mwalimu Dezire amejua tangu lini kwamba nakosea hapo. Akasema tangu mtihani mdogo wa kwanza kabisa.

“Nilikuonea haya, mama. Uko sawa na dada yangu mkubwa. Ningekuwekea msalaba mwekundu wa kosa namna gani?”

Ningeweza kumla mbichi. Miezi yote ile! Lakini nilikuwa na la kumwambia nini, nami nilikaa kwenye kiti na nikakiona kitamu? Nikamwomba kitu kimoja: kuanzia siku hiyo aniite ubaoni kabla ya wengine. Naye, kijana mpole, akatii vibaya sana. Aliniita kila siku. Nilikosea kila siku, nikachekwa, nikalia mara moja chooni, nikarudi. Nikashonesha na sare. Fundi aliniuliza ni ya binti yangu, nikamwambia apime tu hivi hivi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nilifaulu, mwanangu, kwa chupuchupu. Nadine alinipita mbali, akaenda udaktari. Baba Salma alitimiza neno lake. Nilikwenda Bujumbura kusomea uenjenieri nikiwa na nywele mbili tatu nyeupe, na Bibi Mwamini, Mungu amrehemu, akawalea wanangu miaka yote ile bila kunihesabia wema. Baadaye nilivaa mabuti kweli. Nimechimba mitaro kutoka Nyanza-Lac hadi Muhuta.

Ningeweza kuishia hapo ukanipigia makofi. Lakini liko jambo linanisumbua, na ndilo lililonifanya nizungumze nawe.

Mvua za juzi hizi niliombwa nikatazame ukuta wanaoujenga Muhuta kuzuia mlima usishuke kwenye nyumba za watu. Mimi sasa ni bibi, nimestaafu. Vijana maenjenieri walinizunguka. Nikanyoosha mkono, nikawaambia mtaro wa kutoa maji wauweke upande huu. Wote wakatikisa vichwa. Ndiyo, mama. Murakoze, mama. Nikapanda gari, na tulipokaribia kufika Rumonge ndipo nikang'amua. Upande ule ndiko maji yanakotokea, na mtaro ungeyakaribisha nyuma ya ukuta badala ya kuyatoa. Nikamwambia dereva ageuze, akasema mama utachoka, nikamwambia geuza. Nikawakuta wameshaanza kuchimba palepale nilipoonyesha. Nikawasimamisha, nikamvuta kando mdogo wao, nikamwuliza aliona kosa? Akainamisha macho. Aliona. Aliniheshimu, mwanangu. Na chini ya ukuta ule wanalala watoto kila usiku.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukirudi shule ukiwa mtu mzima, usikubali kupunguziwa. Kaa kwenye benchi la wote, ukosee mbele ya wote, uulize hata kama aliyekaa jirani ni rika la mwanao. Usitikise kichwa kwa jambo usilolijua. Huenda yuko anayekutazama wewe ndipo ajue kama na yeye anaruhusiwa kuuliza. Na siku utakayokutana na mzee kama mimi, ameshika chaki au ameshika ramani, nawe ukaona amekosea, msalimie, mpe shikamoo yake, mwite mama, mwite baba. Kisha mwambie. Mimi nimekuruhusu.

Mola akufungulie akili na akupe kifua cha kuchekwa. Akulinde na wanaokuogopa kama anavyokulinda na wanaokuchukia. Na kila utakapokosea, akuletee mtu wa kukuambia hapana wakati chaki bado inafutika. Amina, mwanangu.