Mgeni Aliyepima Hewa

Nyuma ya migomba yetu kulikuwa na bonde dogo lililotoa harufu kama ya soda iliyofunguliwa muda huo huo, harufu isiyokaa puani, bali inayochoma kidogo kisha ikapotea. Tuliisikia zaidi asubuhi za masika, ukungu ukiwa umelala na upepo haupo. Kijiji chetu kiko upande wa Kisiba, milimani karibu na Tukuyu, mwendo wa kama nusu saa kutoka kwenye ziwa la jina hilo, na huko mvua zikishaanza vyura hupiga kelele kila penye unyevu. Bondeni mle hawakulia. Chini kulikuwa na majani marefu, mabichi kuliko ya mahali pengine popote, na katikati ya majani hayo mara nyingine ungemwona ndege amelala ubavu, manyoya yake mazima, bila jeraha. Bibi, mama yake baba, alitukataza kushuka huko tangu tulipojua kutembea. Hakutoa sababu ndefu. Alisema pale pana wenyewe, na wenyewe hawapendi kusumbuliwa. Sisi watoto tulipaita Shimoni, na tulipopita ukingoni kwenda shule tulishusha sauti bila kuambiana.

Nilikuwa darasa la nne baba alipotuambia kwamba tutapokea mgeni. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa sababu nyumba yetu ilikuwa na chumba cha ziada aliombwa amkaribishe mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Jamhuri ya Cheki, msichana ambaye angekaa nasi miezi minne akisomea maziwa na udongo wa milima yetu, huku akijifunza Kiswahili kwa kuishi na watu. Jina lake lilikuwa Hana. Watoto wa jirani hawakuchoka kumwuliza, Hana nini, naye kwa Kiswahili chake cha kitabuni alijibu kwa makini kwamba hana ng'ombe, hana mume, hana hata mwavuli. Bibi peke yake hakucheka. Alisema Hana ni mama yake Samweli, jina la mwanamke aliyejua kuomba, na tangu siku ya kwanza alimwita mwanangu.

Alikuwa mrefu mno kwa nyumba yetu. Wiki nzima aligonga paji la uso kwenye kizingiti cha jikoni, na kila alipogonga alijipa pole mwenyewe kabla sisi hatujampa. Alijifunza kumenya ndizi mbichi kwa kupaka mafuta viganjani ili utomvu usimgande, akajifunza kumsalimu Bibi asubuhi kwa Kinyakyusa, na jioni alikaa kwenye kigoda akila maharage na maziwa ya mgando kama aliyezaliwa humo. Mimi nilipewa kazi ya kumwonyesha njia baada ya shule. Nilijiona mkubwa sana nikitangulia mbele ya mzungu mwenye gambuti za kijani, na alipokuwa akiandika kwenye daftari lake nilisimama kando na kuwafukuza wenzangu, kana kwamba kazi ile tuliifanya wawili.

Alikuwa na kidude cha kupimia, kidogo kama redio ya mkononi, ambacho alikifunga kwenye fimbo ndefu na kukishusha mahali anapopachunguza. Kwingine kilinyamaza. Siku nilipompeleka Shimoni, tukiwa bado juu ukingoni, alikishusha polepole, na kabla hakijafika kwenye majani kikaanza kulia, mlio mkali, wa haraka, usiokoma. Hana alinishika bega akanirudisha nyuma hatua nyingi. Uso ulimbadilika. Jioni hiyo aliwaeleza baba na Bibi, maneno mengine baba akimsaidia, kwamba chini ya ardhi yetu inatoka gesi ile ile inayotiwa kwenye soda, kwamba ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na pasipo upepo hukaa bondeni kama maji kwenye bakuli. Haina rangi. Anayeinama ndani yake haoni kitu wala hapati muda wa kuita. Nilidhani Bibi atabisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye anaijua kwa jina jingine, lakini katazo ni lile lile. Kesho yake Hana alizungushia bonde vijiti vyenye vitambaa vyekundu, akamwomba mwenyekiti wa kijiji awaambie watu wasivivuke.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa miaka mingi sikulisema. Pale bombani tulipochota maji, wenzangu walitaka kujua mgeni wetu anafanya nini Shimoni. Aliyeuliza zaidi alikuwa Sekela, tuliyesoma naye darasa moja, ambaye nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya bonde. Ningeweza kueleza nilichosikia, lakini kilikuwa kigumu kukieleza, na mimi nilitaka wanyamaze wanitazame. Nikawaambia kwamba kile kidude ndicho kinachoiita ile hewa. Kikilia, nikasema, inapanda kutoka chini, akikizima, inarudi. Walinyamaza kweli. Nilibeba ndoo yangu nyumbani nikiwa na furaha.

Baada ya siku chache mbuzi wawili wa kina Sekela walikutwa wamekufa bondeni, miguu imenyooka. Walikuwa wamekata kamba. Wanyama walikuwa wakifa mle tangu zamani, kila mtu mzima alilijua hilo, lakini safari hii watu walikuwa na maelezo mapya. Niliyasikia dukani, nikayasikia tena nje ya kanisa, maneno yangu mwenyewe, sasa yakitoka kwenye vinywa vya watu wazima, yameongezewa uzito. Walisema binti wa Ulaya amefungua kitu ambacho hajui kukifunga. Wanawake waliokuwa wakimletea Hana maparachichi waliacha kupita kwetu. Baba Sekela, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akigomba, alisimama uani kwetu bila kukubali kiti, akamwambia baba kwamba kidude kile kikitoka tena nje, yeye hatawajibika kwa lolote litakalotokea. Siku hiyo hiyo vijiti vyote vya bondeni viling'olewa.

Hana alilia kwa hasira, si kwa ajili yake. Alikwenda kwa mwenyekiti, naye akaahidi mkutano Jumamosi, akasema mpaka hapo ni vizuri kidude kikae ndani ili watu watulie. Baba alikubali. Alikifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni, kisha akawatangazia majirani kwamba kimefungiwa. Nilikuwepo. Niliona mabega yao yakishuka kwa nafuu, na hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho baba hakukielewa, maana yeye hakujua habari za bombani. Kwa watu wale, kufungiwa kwa kidude kulimaanisha kwamba bonde limekuwa salama. Nilisimama nimeshika ukingo wa mlango, nikijua nini cha kusema, na nikiona waziwazi nyuso zitakazonigeukia nikishakisema. Nikaenda kuosha vyombo.

Ijumaa asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, na hakuna jani lililotikisika. Mimi na Hana tulikuwa tukipita ukingoni, ninakwenda shule naye akinisindikiza, tulipoona kanga ya manjano ikiwa imetandazwa kwenye mteremko, juu yake fungu la majani ya ng'ombe yaliyokatwa vizuri. Fungu la pili lilikuwa chini zaidi, limeanzwa tu. Pembeni yake, kifudifudi katika yale majani mabichi, alilala Mama Sekela, mundu ungali mkononi. Hana aliniambia neno moja, "Kimbia," na nilipogeuka kutazama alikuwa amevuta pumzi, amefunga mdomo, na anashuka.

Niliporudi na baba na majirani wawili, Hana alikuwa amemfikisha nusu ya mteremko. Alikuwa ameshuka mara tatu. Kila mara alimvuta hatua chache, akapanda juu kupumua, akashuka tena, na safari ya tatu magoti yalimkatika akabaki ameshikilia kisiki. Baba alijifunga kamba kiunoni wakamshusha, wakawatoa wote wawili. Hana alitapika, kisha akatambaa mpaka kwa Mama Sekela akaanza kumpulizia hewa mdomoni na kumkandamiza kifua, muda mrefu, hata baada ya watu kumwambia aache. Baba Sekela alikuja akikimbia kutoka ng'ambo. Alipofika akaketi chini kwenye matope, akashika gambuti ya mkewe, akawa anaifuta kwa kiganja.

Msibani Hana aliketi na wanawake kwenye majani ya migomba yaliyotandazwa uani. Hakuna aliyemfukuza. Walijisogeza tu, mmoja baada ya mwingine, mpaka pande zote zake pakawa wazi. Chakula kilipogawiwa sinia zilimpita. Mimi nilikuwa karibu na mama yangu, nikimwangalia Sekela aliyefunikwa kanga kichwani. Ndipo Bibi akainuka. Ilimchukua muda, magoti yake yalikuwa mabovu. Alibeba sahani yake, akavuka ule uwazi, akaketi ubavuni kwa Hana na kumsogezea chakula.

"Kula, mwanangu," alisema. Kisha, bila kupandisha sauti, kwa Kiswahili chake kilichojaa Kinyakyusa: "Huyu alisema tusishuke. Na mimi nimesema tusishuke tangu hawa hawajazaliwa. Nani alisikia?"

Hana alikula kidogo, machozi yakimdondokea kwenye sahani. Mkutano wa Jumamosi haukufanyika. Wiki iliyofuata wazee wa kijiji walimwomba baba, kwa heshima, mgeni aondoke kabla watu hawajafanya jambo baya, naye akaondoka na kidude chake na madaftari yake, kazi yake ikiwa nusu. Alinikumbatia mlangoni. Nilifungua mdomo, akadhani nataka kulia, akanibana zaidi.

Leo mimi ni mwalimu mjini Tukuyu, napanga chumba Makandana, na nyumbani narudi mwisho wa wiki. Bibi hayupo tena. Njia yetu ya shule inapita sasa kati ya mashamba ya maparachichi, na mwaka huu mtu kutoka mbali alinunua ardhi mpaka kwenye ukingo wa bonde. Nilipomkuta akielekeza vibarua mahali pa kuchimba mashimo ya miche, nilimwonya. Alinisikiliza kwa adabu, akauliza kama hizo ni imani za wazee. Sikutaka kubishana. Nilimpeleka kwa Sekela, ambaye amebaki kwenye kiwanja cha wazazi wake na ana watoto watatu.

Sekela alimsimulia yote akiwa amesimama mlangoni, mtoto begani. Alipofika kwenye vijiti alisita. "Baba alivileta nyumbani," alisema. "Tulivitia jikoni, mimi na mama. Vilikuwa vikavu, vilishika upesi. Tulivipikia ugali." Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia. Nikasikia sauti yangu ikianza kueleza habari za bombani, mbele yake na mbele ya mnunuzi yule, tangu swali alilouliza Sekela mpaka ndoo niliyobeba kwa furaha. Sekela hakunitazama, na hakuingia ndani. Alimhamisha mtoto kutoka bega hili hadi lile.

Yule mwenye shamba akasema ataweka uzio, tumwonyeshe tu upite wapi. Tulikwenda wote watatu. Sekela alinyoosha mkono sehemu moja, mimi nikanyoosha sehemu nyingine, chini kidogo, na tukabaki tumesimama, kwa sababu tangu Hana alipoondoka hakuna mtu aliyepima.